Walitazama Sketi, Hawakuuliza Nani Analipa



Kila mara klipu mpya ya muziki inapozusha ghasia, mazungumzo katika vikundi vyetu hufuata njia ile ile. Mmoja husema nguo ni fupi mno. Mwingine husema uchezaji ni wa aibu. Wa tatu hujibu kwamba wazee hawaelewi mambo ya siku hizi. Mabishano huchukua saa nzima, kisha kila mtu hurudi nyumbani akiamini kwamba dhamiri imefanya kazi yake. Nataka kubishana na desturi hiyo. Nasema kwamba jicho linalozoea kutafuta kosa kwenye nguo peke yake hupofuka polepole, na siku kosa kubwa linapopita mbele yake limevaa suti safi, halilioni.

Ushahidi wangu unatoka katika mwaka 1984, kwa kikundi cha muziki ambacho wengi wenu mnakijua kwa nyimbo zinazoimbwa katika viwanja vya mpira hadi leo: kikundi cha Queen cha Uingereza. Mwaka huo kikundi hiki kilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa klipu ya wimbo mmoja. La pili lilikuwa safari ya kwenda kuimba Afrika ya Kusini. La kwanza lilikuwa mchezo, na la pili lilikuwa dhuluma kwa watu waliokuwa wakidhulumiwa tayari. Muulize yeyote leo ni lipi linalokumbukwa kuwa kashfa ya Queen ya mwaka huo. Atakuambia habari za sketi.

Tuanze na klipu yenyewe. Wimbo unaitwa "I Want to Break Free", maana yake "Nataka kujikomboa". Ulitoka kama santuri ndogo mwezi wa Aprili 1984, ukitokana na albamu "The Works" ya mwaka huo huo. Aliyeutunga ni John Deacon, mpiga gita la besi, mtu mkimya kuliko wote katika kikundi, mwenye mke na watoto. Aliyeuimba ni Freddie Mercury. Klipu iliongozwa na David Mallet. Ndani yake wanaume wanne wa Queen wamevaa kama wanawake wa nyumba moja ya mtaani Uingereza. Mercury amevaa sketi fupi nyeusi na wigi, lakini masharubu yake hakuyanyoa, naye anasukuma mashine ya kufyonza vumbi. Brian May, mpiga gita, amevaa nguo ya kulalia, nywele zimefungwa kwa vibanio. Roger Taylor, mpiga ngoma, ni binti wa shule. Deacon ni bibi kizee mwenye kofia. Katikati ya klipu mambo hubadilika: Mercury anaonekana bila masharubu, akicheza pamoja na wachezaji wa baleti wa Royal Ballet ya London.

Waingereza walicheka. Walikuwa wanakijua kitu kilichokuwa kinachezewa. Tangu mwaka 1960 televisheni yao ilikuwa ikionyesha mchezo wa mfululizo uitwao "Coronation Street", unaosimulia maisha ya watu wa kawaida wa mtaa mmoja, na klipu ilikuwa dhihaka ya upole juu ya mchezo huo. Tena, mwanamume kuvaa gauni ili kuchekesha ni desturi ya zamani katika maigizo ya Uingereza, hata katika maonyesho ya Noeli ambayo wazazi huwapeleka watoto wao. Sisi wenyewe hatuna haki ya kushangaa sana. Katika shule nyingi za wavulana na seminari za nchi zetu, mchezo wa kuigiza ulipohitaji mama au malkia, mvulana alifungwa kitenge akaingia jukwaani, na mapadre walikaa mstari wa mbele wakicheka pamoja na wengine.

Huko Marekani hawakucheka. MTV, televisheni ya muziki iliyokuwa mlango mkuu wa wimbo wowote kufika kwa vijana wa nchi ile, haikutaka kuipa klipu nafasi. Wimbo uliofika nafasi ya 3 Uingereza uliishia nafasi ya 45 Marekani. Brian May alieleza miaka mingi baadaye kwamba klipu ile iliwaharibia jina huko. Ni kweli pia kwamba ziara yao ya Marekani ya mwaka 1982 ilikuwa ya mwisho wakiwa na Mercury. Kwa hiyo hukumu ilikuwa nzito. Wanaume wanne walivaa nguo za kuchekesha kwa dakika chache, na soko kubwa kuliko yote duniani likawafungia mlango.

Wakati huo huo wimbo wenyewe ulikuwa ukisafiri bila klipu. Redio haionyeshi sketi. Katika nchi ambazo watu waliishi chini ya utawala wa mabavu, maneno ya mtu anayetaka kujikomboa yalisikika kwa maana nyingine kabisa, maana ambayo Deacon labda hakuikusudia. Imesimuliwa mara nyingi kwamba katika Afrika ya Kusini wapinzani wa ubaguzi waliupokea kama wimbo wa ukombozi. Brazili nayo, mwanzoni mwa mwaka 1985, ilikuwa inatoka katika miaka zaidi ya 20 ya utawala wa kijeshi. Queen walipoimba katika tamasha la Rock in Rio mwezi wa Januari, Mercury alitokea na wigi na matiti ya bandia kama katika klipu, na inasemekana baadhi ya watazamaji walikasirika kwa sababu kwao wimbo ule haukuwa mzaha. Hivyo ndivyo wimbo unavyoweza kumzidi mtungaji wake. Watu waliofungwa waliusikia, wakaufanya kuwa wao.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, na hapa nawaomba msome polepole.

Mwezi wa Oktoba 1984, miezi sita baada ya wimbo huo kutoka, Queen walikwenda kufanya maonyesho kadhaa katika ukumbi wa Sun City. Sun City ilikuwa mahali pa anasa palipofunguliwa mwaka 1979: hoteli, michezo ya kamari, ukumbi mkubwa wa muziki, safari ya saa chache kwa gari kutoka Johannesburg. Kamari ilikatazwa na sheria za Afrika ya Kusini. Wazungu wa Johannesburg waliwezaje basi kwenda kucheza kamari karibu hivyo na nyumbani? Kwa sababu serikali ya ubaguzi ilidai kwamba Sun City haiko Afrika ya Kusini. Iko, walisema, katika "nchi huru" iitwayo Bophuthatswana.

Nchi hiyo ilikuwa nini? Tangu sheria za ardhi za mwaka 1913 na 1936, Waafrika, ambao ndio wengi, walikuwa wametengewa takribani asilimia 13 tu ya ardhi ya nchi yao. Vipande hivyo vya ardhi serikali ilivigawa kwa makabila, ikaviita makao yao halisi. Bophuthatswana ilitangazwa kuwa huru mwaka 1977, nayo ilikuwa vipande vilivyotawanyika, mtu asingeweza kutoka kimoja kwenda kingine bila kuvuka ardhi ya Wazungu. Hakuna taifa lolote la dunia lililoitambua isipokuwa Afrika ya Kusini yenyewe na vibaraka wake wengine wa aina hiyo. Lengo lilikuwa wazi. Mtswana aliyezaliwa Johannesburg, aliyefanya kazi Johannesburg, aliyezika wazazi wake Johannesburg, siku moja alijikuta ni raia wa Bophuthatswana na mgeni katika mji wake. Nchi ilimnyang'anya uraia kwa kumpa bendera. Na Sun City ilikuwa dirisha la duka hilo. Kila mwanamuziki mashuhuri aliyekubali kupanda jukwaani pale alisaidia kuifanya nchi ya bandia ionekane nchi.

Tutazame pia wakati wenyewe. Mwezi wa Septemba 1984 katiba mpya ilianza kutumika. Ilikuwa na bunge lenye vyumba vitatu: kimoja cha Wazungu, kimoja cha watu waliochanganya damu, kimoja cha Wahindi. Waafrika hawakupata hata kiti kimoja. Tarehe 3 ya mwezi huo mitaa ya Waafrika ya eneo la Vaal, ikiwemo Sharpeville na Sebokeng, iliwaka moto wa maasi, na watu waliuawa. Tarehe 16 Oktoba ilitangazwa kwamba Askofu Desmond Tutu amepewa tuzo ya Nobel ya amani kwa kupinga ubaguzi. Tarehe 23 Oktoba maelfu ya askari na polisi waliizingira Sebokeng, wakapekua nyumba kwa nyumba. Maonyesho ya Queen yalifanyika katika wiki hizo hizo, katikati ya maasi na msako huo.

Mnaweza kusema: huenda hawakujua. Walijua. Wito wa kuwaomba wasanii wa nje wasiende Afrika ya Kusini haukuwa mpya. Mwaka 1954 padre wa Kianglikana Trevor Huddleston, aliyeishi na watu wa Sophiatown, aliutoa katika gazeti moja la London. Chama cha wafanyakazi wanamuziki cha Uingereza, ambacho Queen walikuwa wanachama wake, kilikuwa kimewakataza wanachama kwenda huko tangu mwaka 1961. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliwaomba wasanii wa dunia nzima, mwezi wa Desemba 1980, kususia nchi ile. Baada ya safari hiyo chama chao kiliwatoza faini, na jina lao likaingia katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Hawakuwa peke yao. Frank Sinatra, Elton John na Rod Stewart waliimba pale kabla yao. Lakini hatupungukiwi hatia kwa sababu tumeikuta foleni.

Utetezi wao tuusikilize kwa haki, kwa sababu ni utetezi ambao nanyi mtausikia maishani, na huenda siku moja mtajaribiwa kuutumia.

Walisema kwanza: sisi si watu wa siasa, tunawaimbia watu wote wanaotupenda. Jibu langu ni hili. Aliyekwenda kuimba Sun City alikuwa tayari ndani ya siasa tangu aliposhuka katika ndege, kwa kuwa Sun City yenyewe ilikuwa kazi ya siasa, iliyojengwa juu ya ramani iliyochorwa na siasa. Kusema "sina siasa" mahali kama hapo ni kumpa nafasi yako yule mwenye nguvu aitumie apendavyo.

Walisema pili: ukumbi ulikuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Ni kweli kwamba sheria za Bophuthatswana hazikuwatenga watazamaji kwa rangi. Ndipo penyewe palipokuwa na ujanja. Mlango uliachwa wazi ili mgeni aone mlango, asione watu waliohamishwa kwa nguvu, asione kitambulisho kilichomgeuza mwenyeji kuwa mgeni. Ukumbi mmoja usiobagua, katikati ya nchi nzima inayobagua, ulikuwa tangazo la biashara la wabaguzi.

Walisema tatu: tulitoa msaada kwa shule ya watoto wenye ulemavu. Msaada huo ulitolewa kweli kwa shule ya viziwi na vipofu ya huko, na mtoto aliyefaidika nao sitamdharau. Lakini sadaka haiwezi kununua ruhusa. Waliodhulumiwa walikuwa wameomba jambo moja, jepesi na wazi: msije. Mtu akikuomba usivuke kizingiti cha nyumba yake, nawe ukavuka kisha ukamwachia mtoto wake peremende, bado umevuka.

Na hapa kuna jambo linalouma zaidi. Mercury mwenyewe alizaliwa Zanzibar, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, baba yake akiwa mfanyakazi wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza. Mtoto huyo wa pwani ya Waswahili alisoma India, na familia ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya mapinduzi ya Zanzibar. Kama meli ya wazazi wake ingetia nanga Durban badala ya Zanzibar, sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi ingemwandika Mwasia. Asingechagua mtaa wa kuishi, shule ya kusoma, wala kiti cha kukaa katika treni. Mtu wa namna hiyo, mwenye wimbo wa kutaka kujikomboa, wimbo uliokuwa katika ziara yake ya mwaka ule ule, alikwenda kuimba katika jumba la wale ambao wangemfunga. Mimi naona kwazo hapo. Katika sketi silioni.

Neno hilo "kwazo" tunalitumia mara nyingi katika Kanisa, na mara nyingi vibaya. Tunadhani kwazo ni kitu kinachotushtua. Maana yake halisi ni jiwe linalomwangusha mtu, hasa mtu mdogo na mnyonge. Kwa kipimo hicho jiulizeni: nani aliangushwa na klipu ile? Waongozi wa televisheni walishtuka, wakageuza uso. Hakuna aliyepoteza nyumba, uraia au uhai. Na nani aliangushwa na Sun City? Familia za Sebokeng ambazo milango yao ilivunjwa na askari, huku serikali iliyowatuma askari hao ikijisifu kwamba wanamuziki wakubwa wa dunia bado wanaitembelea. Kristo aliwakemea walimu wa sheria kwa sababu ya kipimo kilichopinduka, walipochunga vitu vidogo kwa bidii na kuacha haki. Hakuwaambia kwamba vidogo si kitu. Aliwaambia kwamba wamepoteza kubwa.

Mtaniambia kwamba natia chumvi, kwamba magazeti ya Uingereza yaliwakosoa Queen kwa safari ile. Ndiyo, yaliwakosoa. Lakini tazameni kilichobaki. Tarehe 13 Julai 1985, miezi tisa tu baadaye, Queen waliimba katika tamasha la Live Aid kule Wembley kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia, na dunia ikawapigia makofi kuliko wote. Mwaka 2018 ikatoka sinema ya maisha ya Mercury, "Bohemian Rhapsody", iliyotazamwa na mamilioni ya vijana, wakiwemo wengi wenu. Sinema hiyo inaonyesha utengenezaji wa klipu ya sketi na jinsi Marekani ilivyoikataa. Sun City haimo. Waliotengeneza sinema walichagua kashfa inayowafanya mashujaa wao waonekane wahanga, wakaacha ile iliyowaonyesha upande wa wenye nguvu. Sisi watazamaji hatukudai zaidi.

Zanzibar yenyewe haikufanya tofauti. Mwaka 2006 ilipangwa sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu Mercury azaliwe. Kikundi kimoja cha kidini kilipinga, kwa sababu ya mwenendo wake wa maisha, na sherehe ikafutwa. Sikusikia kwamba kuna aliyesema: tusimtukuze, kwa kuwa aliimba Sun City wakati ndugu zetu wa kusini walipokuwa wakiuawa. Katika bara letu wenyewe, miaka 22 baada ya safari ile, dhambi ya kuandamania ilikuwa bado ile ya nguo na chumba cha kulala.

Haki inataka niseme na mengine. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa ugonjwa uliotokana na ukimwi. Mwaka 2003 Brian May na Roger Taylor walikuwa Cape Town, katika tamasha la 46664, lililoitwa kwa namba ya kifungo ya Nelson Mandela, kupiga vita ukimwi. Mtu anaweza kurudi mahali alipokosea akafanya mema. Lakini mema ya mwaka 2003 hayafuti swali la mwaka 1984. Na swali hilo lilikuwa na jibu sahihi siku ile ile, kwa kuwa wengine walilijibu. Mwaka 1985 Steven Van Zandt aliwakusanya wanamuziki zaidi ya 40, wakiwemo Bob Dylan, Bruce Springsteen na Miles Davis, wakaimba pamoja wimbo wa kutangaza kwamba hawatakanyaga Sun City. Hao nao walikuwa watu wa muziki, wenye mikataba na wenye madeni. Walikataa.

Hapa kiongozi mmoja wa vijana atasimama na kuniuliza: basi unawaambia watoto wetu kwamba nguo si kitu, watazame kila klipu? La, sisemi hivyo. Zipo klipu zinazomfanya binti kuwa bidhaa, zinazomzungusha mbele ya kamera kama gari jipya linalouzwa. Hizo ni mbaya kweli. Lakini ubaya wake unaonekana vizuri zaidi tukiacha kupima kitambaa kwa sentimita na kuanza kuuliza: huyu binti amelipwa nini, ameruhusiwa kusema nini, na nani anatajirika kwa mwili wake? Binti aliyevaa kitenge hadi kifundo cha mguu anaweza kutumiwa vibaya katika klipu ya kusifu tajiri mwizi. Anayepima nguo peke yake ataipitisha klipu hiyo, tena atashukuru kwamba ina heshima.

Nimesema tajiri mwizi, na neno hilo linatuleta nyumbani, kwa kuwa jukwaa la Sun City lina ndugu zake wengi. Sisi Wakongomani tunayajua mabanga: mwimbaji anataja jina la mkubwa katikati ya wimbo, na mkubwa anafungua mfuko. Tunacheza wimbo huo kwenye arusi zetu bila kuuliza yule aliyetajwa amepata wapi fedha. Tunajua pia nyimbo za kampeni. Uchaguzi unapokaribia, mgombea hutafuta vijana wanaojua kuimba, hutoa fulana, sukari, ngoma mpya, na pengine usafiri wa lori. Mara nyingine anayeitwa ni kwaya. Mwaliko huja kwa sauti tamu: njoni tu mtuimbie, hii si siasa. Ni maneno yale yale yaliyosemwa juu ya Sun City. Na mara nyingi nguo za kwaya siku hiyo huwa safi kabisa, zimefungwa vizuri hadi shingoni.

Kwa hiyo nawapa maswali matatu, niliyoyatoa katika historia hii, myaweke mbele ya kila wimbo, kila klipu na kila mwaliko kabla ya kufika kwenye urefu wa sketi.

La kwanza: nani analipa, na anataka kununua nini? Wenye Sun City hawakununua muziki peke yake. Walinunua sura ya nchi ya kawaida.

La pili: nani hayupo ukumbini, na kwa nini hayupo? Tazama watazamaji wote katika picha, kisha fikiri juu ya yule aliyeachwa nje na sheria, na bei ya tiketi, au na askari wa barabarani.

La tatu: je, wanaoteseka wametuomba jambo? Kama wamesema msije, hakuna ubora wa sauti zetu wala wema wa nia zetu unaotupa haki ya kwenda. Wao ndio wanaojua jiwe liko wapi njiani, kwa kuwa ndio wanaojikwaa.

Maswali haya ni magumu kuliko kipimo cha nguo, kwa sababu yanagusa pia nyimbo tunazozipenda na watu wanaotupa fedha. Ni rahisi kuihukumu klipu ya kigeni inayotuchukiza. Ni vigumu kumrudishia mgombea fulana zake. Lakini vijana wa Kanisa hawakuitwa kuwa polisi wa sketi. Waliitwa kusimama upande wa mnyonge, na mnyonge mara nyingi huumizwa na watu waliovaa vizuri sana.

Katika mkutano wenu ujao chagueni wimbo mmoja ambao kikundi kizima kinaupenda, si ule mnaouchukia. Uchezeni hadi mwisho. Kisha ulizeni maswali matatu kwa sauti, na asiwepo mtu wa kutaja nguo kabla yote matatu hayajajibiwa.